Kichwa kinauma kila wiki na vipimo viko safi? Namna ya kutumia fiziotherapia kwa kichwa na kipandauso

Mama yangu alikuwa na kipandauso. Tukiwa wadogo tulijua leo ndo siku yenyewe tukimwona kajifunga khanga kichwani kwa nguvu, kafunga madirisha, na sisi tunaambiwa tukacheze kwa jirani. Hakuna aliyewahi kumshika shingo, hakuna aliyemuuliza unalala vipi, unameza vidonge vingapi kwa wiki. Sasa hivi mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi na mikono, hapa Dar na kila wiki naletewa watu wamebeba bahasha ya vipimo: malaria hakuna, taifodi hakuna, macho yamepimwa mpaka miwani imenunuliwa, siti skani imefanyika iko safi, na kichwa bado kinauma. Naandika hii kwa ajili yao, manake wengi wanafika kwetu wameshazunguka miaka wakati kuna mambo wangeyaanza nyumbani siku nyingi.

Ila niseme ukweli mapema. Fiziotherapia haitibu kila kichwa. Kuna aina inaitibu vizuri sana, kuna aina inasaidia kiasi, na kuna aina haiigusi kabisa. Kwa hiyo kazi ya kwanza sio mazoezi, ni kujua kichwa chako ni kipi.

Kichwa chako ni kipi?

Cha kwanza ni kile cha kubana. Unahisi kama umevalishwa mkanda au kofia inayobana pande zote mbili, hakidundi, hakikulazi kitandani, unaweza kupanda ngazi na kufanya kazi ila umechoka nacho. Kinaweza kukaa nusu saa, kinaweza kukaa hata wiki. Hiki ndo cha watu wengi, na mara nyingi ukibonyeza mabega na kisogo unakuta misuli imekaza kama kamba.

Cha pili ndo kipandauso chenyewe. Kinadunda, mara nyingi upande mmoja, kichefuchefu, mwanga unakera, kelele zinakera, ukitembea kinazidi. Usipokitibu kinakaa kati ya saa 4 na siku 3. Wengine kabla hakijaanza wanaona vimulimuli au mistari kama zigizaga machoni kwa dakika kadhaa, hata nusu saa. Hiki ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, na mara nyingi unarithiwa. Mtu asikuambie ni uvivu au mawazo.

Cha tatu watu hawakijui, nacho ndo kinanipa raha ya kazi: kichwa kinachotoka shingoni. Kinaanzia nyuma ya shingo au chini ya kisogo kinapanda mpaka juu ya jicho, siku zote upande ule ule, hakihami. Ukigeuza shingo kuangalia nyuma wakati unarivasi gari unakisikia, ukikaa muda mrefu umeinama kinaamka. Na shingo yenyewe upande mmoja haigeuki vizuri.

Inakuwaje shingo iume kwenye jicho? Mishipa ya fahamu ya pingili 3 za juu za shingo inaenda kukutana na mshipa wa fahamu wa uso sehemu moja, kule shina la ubongo linapoungana na uti wa mgongo. Ni kama nyumba mbili zinatumia kengele moja ya mlangoni, ikilia hujui mgeni ni wa nani. Pingili ya shingo inalalamika, ubongo unasikia jicho. Kwa hiyo mtu anahangaika na macho miaka miwili kumbe tatizo liko vidole vitatu chini ya kisogo.

Saa ingine mtu mmoja ana viwili kwa pamoja. Na hapa kuna mtego: wenye kipandauso wengi sana shingo inawauma kabla au wakati wa shambulio, alafu wanaamua shingo ndo chanzo. Sio lazima. Mara nyingi hiyo shingo ni sehemu ya kipandauso chenyewe, kama kichefuchefu kilivyo sehemu yake. Ndo maana kushikwashikwa shingo peke yake kunaweza kusimalize kitu.

Hizi dalili usije kwa fizio, nenda hospitali moja kwa moja

Kichwa kilichokuja ghafla kwa nguvu zote ndani ya dakika moja, kama umepigwa rungu. Kichwa na homa na shingo ngumu. Kichwa baada ya kuanguka au ajali ya boda hata kama ulinyanyuka ukaenda nyumbani. Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, kushindwa kuongea, kuona giza, degedege au kuchanganyikiwa. Kichwa kipya kabisa kwa mtu aliyevuka miaka 50. Mjamzito au aliyejifungua juzi juzi akaumwa kichwa kikali, huyo presha ipimwe leo hii, sio kesho. Mwenye VVU au saratani anayepata kichwa kipya. Kichwa kinachozidi wiki baada ya wiki na kinakuamsha asubuhi na matapishi. Na maumivu mapya ya ghafla ya shingo ambayo hujawahi kuyapata, hasa baada ya shingo kuzungushwa.

Kama una homa pima malaria kama kawaida, hilo halina ubishi. Ninachokataa ni kumeza dawa ya malaria kila kichwa kikiuma bila kupima.

Kabla ya yote hesabu vidonge

Hii sehemu naomba uisome taratibu. Dawa ya maumivu ukiitumia mara nyingi sana inageuka kuwa chanzo cha kichwa. Kipimo wanachotumia madaktari ni hiki: dawa za kawaida kama paracetamol au ibuprofen siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko zenye kafeini ndani, zenye kodeini, tramadol, na zile maalum za kipandauso siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3. Tunahesabu siku, sio idadi ya vidonge. Mtu anayenunua viwili viwili dukani kwa Mangi kila baada ya siku moja ameshafika huko na hajui.

Ukiwa hapo mimi naweza kukufanyia mazoezi mpaka nichoke, kichwa hakitaisha. Lazima dawa zipunguzwe, na siku za kwanza kichwa kitazidi kabla hakijashuka, kwa kawaida kati ya siku 2 na 10, ujiandae. Kama ni kodeini au tramadol usiache ghafla peke yako, ongea na daktari akupangie.

Kwa hiyo chukua kalenda, ile ya ukutani ya bure inatosha. Kila siku kichwa kikiuma weka alama: saa ngapi kilianza, upande gani, kati ya 0 na 10 ni ngapi, umemeza nini, umelala saa ngapi, umekula saa ngapi, na kwa dada zangu, siku za hedhi. Fanya wiki 4. Hiyo karatasi ina thamani kwangu kuliko bahasha nzima ya eksirei, sitanii, kuna dada fundi cherehani aliniletea kalenda yake na kabla sijamgusa tulishaona wote wawili kwamba kichwa kinamjia kila msimu wa sare za shule, anaposhona mpaka saa 6 usiku kainama.

Siku ya kwanza kwa fizio

Hospitali za rufaa na nyingi za mikoa zina idara ya fiziotherapia, watu wanaita "kwa daktari wa mazoezi", na kuna kliniki binafsi pia, wengi wetu hapa Tanzania tumesomea KCMC Moshi. Ukipiga simu uliza swali moja tu: huwa mnatibu kichwa kinachotokana na shingo? Uliza na bima kabla hujapanda daladala.

Fizio mzuri atakuuliza maswali mengi kabla hajakushika, atapima presha, atakuangalia unavyogeuza shingo, na atabonyeza pole pole pingili za juu moja moja. Anatafuta kitu kimoja: sehemu ambayo akiibonyeza unasema "ee hapo hapo, ndo kichwa changu hicho". Kuna kipimo kingine, umelala chali anakukunja kidevu mpaka kifuani alafu anageuza kichwa kulia na kushoto. Shingo isiyo na tatizo ikikunjwa hivyo inageuka kama nyuzi 44 kila upande, ikikwama kabla ya 32 hivi upande mmoja basi pingili ya kwanza na ya pili ndo tunazishuku. Ni kipimo cha dakika mbili na kinatenganisha vizuri kichwa cha shingo na kipandauso.

Tiba yenyewe ni mikono kusogeza hizo pingili taratibu, kulegeza misuli, na mazoezi ya kwenda nayo nyumbani. Tegemea mara 8 mpaka 12 ndani ya wiki 6. Ukiona kila ukienda unawekewa joto au mashine ya umeme dakika 20 unaachwa peke yako na hujafundishwa zoezi hata moja, uliza, na usipojibiwa tafuta sehemu ingine. Joto ni tamu lakini halijengi msuli.

Na hilo la mazoezi silisemi kwa kujipigia debe. Australia mwaka 2002 Gwendolen Jull na wenzake walichapisha utafiti wa watu 200 wenye kichwa cha shingo. Wengine walipewa tiba ya mikono, wengine mazoezi madogo ya shingo na mabega, wengine vyote, wengine hawakupewa kitu. Tiba ilikuwa wiki 6 tu, wakafuatiliwa mwaka mzima. Waliotibiwa kwa mikono na waliofanya mazoezi wote vichwa vilipungua, na baada ya miezi 12 nafuu ilikuwa bado ipo.

Mazoezi yenyewe

La kuitikia. Hili ndo mama wa yote na watu wanalidharau kwa sababu halina jasho. Lala chali, kunja magoti, kichwa juu ya taulo lililokunjwa, macho yaangalie dari. Sasa itikia kidogo sana, kama unamkubalia mtu mzima bila kutoa sauti, kidevu kishuke, kisogo kiteleze juu ya taulo lakini kisinyanyuke hata kidogo. Shikilia sekunde 10 huku unapumua kawaida, achia, rudia mara 10, asubuhi na jioni. Weka vidole mbele ya shingo: ile misuli miwili minene inayotoka nyuma ya sikio kushuka mpaka kifuani inatakiwa ibaki laini. Ikikaza umetumia nguvu kupita kiasi, punguza. Tunatafuta misuli midogo ya ndani iliyolala, ile inayoshika pingili. Wengi hawafiki sekunde 10 wiki ya kwanza, anza na 3 au 5, sio mashindano.

La mabega. Kaa kwenye kiti, miguu chini, mgongo umesimama wenyewe. Ile mifupa bapa ya nyuma ya mabega isogeze taratibu kuelekea katikati ya mgongo na chini kidogo, nguvu ndogo tu, sio kifua mbele cha gwaride. Sekunde 10 mara 10. Hili fanya kazini, fanya kwenye foleni, fanya ukisubiri ugali uive.

La kidevu. Umekaa, rudisha kidevu nyuma moja kwa moja kama unakwepa mtu anayetaka kukushika kidevu, usiinamishe wala usiinue uso. Sekunde 3 mara 10, kila baada ya saa moja au mbili ukiwa kwenye kompyuta au cherehani. Ukihisi linakuzidishia kichwa acha, rudi kwenye la kuitikia.

Kulegeza kisogo. Mipira miwili ya tenisi ndani ya soksi, funga fundo, lala chali uiweke chini tu ya fuvu pande zote mbili za uti, sio juu ya mfupa wenyewe. Dakika 2 mpaka 5, acha uzito wa kichwa ufanye kazi. Hii ni ya nafuu, haichukui nafasi ya zoezi la kuitikia, watu huwa wanaipenda hii wanaacha ile.

Baada ya wiki 3 au 4 shingo ikizoea, ongeza nguvu: kiganja kwenye paji la uso, kichwa kisukume mkono na mkono ukatae, kichwa kisisogee, sekunde 5 mara 10, alafu kisogoni, alafu kila upande wa kichwa. Nguvu kidogo, usitetemeke.

Kuna moja la kutumia khanga au taulo kusaidia pingili ya kwanza igeuke, lilianzishwa na fizio wa New Zealand anaitwa Brian Mulligan, linafanya kazi vizuri sana kwa wale shingo imekwama upande mmoja, lakini sitalifundisha kwa maandishi, ukikosea upande unajiumiza. Mwambie fizio wako akuonyeshe, ni dakika 5 unalijua maisha yote.

Mazoezi kuvuta kidogo ni sawa. Kizunguzungu, ganzi kwenye uso au mikono, kuona mbili mbili, kushindwa kumeza, hapo acha na uende hospitali.

Vinyozi, tafadhali

Hili linaniuma. Ukimaliza kunyoa kuna scrub, kuna masaji ya kichwa, vyote vizuri, alafu kijana anakushika kidevu na kisogo anakuzungusha shingo kwa nguvu mpaka ilie ka! Watu wanasema wanasikia wepesi. Kuna mishipa ya damu inayopita ndani ya pingili za shingo kwenda kwenye ubongo, na kuzungushwa ghafla kunaweza kuichana ukuta wake, na ikichanika mtu anaweza kupata kiharusi, kijana kabisa. Haitokei kila siku lakini ikitokea hairudi nyuma. Mwambie kinyozi wako kwa upole, kaka shingo niachie. Na hata fizio akitaka kuivunja shingo yako kwa mshtuko una haki ya kusema hapana, njia za taratibu zipo na zinatosha.

Na mwenye kipandauso je?

Wewe fizio ni msaidizi, sio tiba kuu. Dawa ya shambulio imeze mapema kichwa kikianza, usisubiri kifike 9. Na kama una siku 4 au zaidi kwa mwezi za kulala kitandani, muulize daktari kuhusu dawa za kuzuia, kama propranolol au amitriptyline, zipo na si za gharama ya kutisha, ila zina watu wasiotakiwa kuzitumia, mfano mwenye pumu na propranolol, kwa hiyo daktari aamue.

Upande wangu nakupa kitu kimoja kikubwa: mazoezi ya kukutoa pumzi, kama baiskeli au kutembea haraka. Gothenburg, Sweden, mwaka 2011 watafiti waligawa watu 91 wenye kipandauso makundi matatu, wengine waliendesha baiskeli ya mazoezi dakika 40 mara 3 kwa wiki, wengine wakafundishwa kutuliza mwili, wengine dawa ya kuzuia kipandauso inayoitwa topiramate. Baada ya miezi 3 mashambulizi yalipungua kwa wote na makundi hayakutofautiana. Yaani baiskeli ilisimama sawa na dawa, bila madhara ya dawa.

Lakini usiruke kesho ukakimbie Coco Beach, wenye kipandauso wengi wakianza kwa pupa mazoezi yenyewe yanaleta shambulio alafu wanaapa hawarudii tena. Anza dakika 10 za kutembea haraka, uweze kuongea lakini usiweze kuimba, asubuhi kabla jua halijawa kali, umekula kidogo na umekunywa maji. Kila wiki ongeza dakika 5 mpaka ufike 40. Siku ya shambulio usifanye kitu, lala gizani, hakuna zoezi la shingo siku hiyo. Na kipandauso hakipendi mabadiliko: lala saa zile zile hata wikiendi, usiruke mlo, na wakati wa Ramadhani daku usiliache na maji usiyachezee, kama unatumia dawa ya kuzuia panga saa na daktari wako kabla mwezi haujaandama.

Vitu vidogo vinavyoharibu kazi yote

Mto. Usilale na mito miwili mirefu wala usilale kifudifudi, shingo inashinda usiku mzima imegeuka. Mto ujaze nafasi kati ya sikio na bega ukilala ubavu, basi.

Laptopu iinue juu ya vitabu mpaka macho yaangalie mbele, simu ilete usoni badala ya uso kuifuata mapajani. Kichwa kina kama kilo 5 na shingo inakibeba tu, tatizo linakuja ukikining'iniza mbele saa 6 mfululizo. Kila nusu saa nyanyuka hata kwa dakika moja.

Misuko. Dada zangu rasta nzito zilizokazwa mpaka nyusi zinapanda zinaumiza kichwa kweli, sio deko, legeza au punguza urefu. Helmeti ya boda inayobana hivyo hivyo. Meno: midomo ikifungwa meno yasigusane, ulimi upumzike juu, wanaouma meno wakiwa na mawazo wanaamka na kichwa kwenye panja. Ndoo za maji kichwani wakati unatibiwa shingo, kama kuna mtu wa kukusaidia wiki hizo 6 mwombe, au beba madumu mawili madogo mikononi.

Wiki ya 6 ikifika toa kalenda ya mwanzo uiweke pembeni ya hii ya sasa. Hesabu siku za kichwa na siku za dawa. Kama zimepungua hata theluthi, endelea na zoezi la kuitikia mara moja kwa siku kwa miezi mingine mitatu, usiliache kwa sababu umepona. Kama hazijasogea kabisa na mazoezi ulifanya kweli, usiongeze vikao vya masaji, chukua hizo kalenda mbili uende nazo kwa daktari, ikiwezekana wa mishipa ya fahamu, umwambie shingo tumeshaijaribu.